Mahodhi Matatu ya Ridgewood

"Mjomba, umepanda ndege kutoka Nairobi kuja kuangalia matete?"

Mpwa wangu aliuliza hivyo tukishuka ngazi za stesheni ya Cleveland Street, mashariki mwa Brooklyn. Ni mkazi wa Queens wa miaka mingi, dereva wa teksi, na mji huu anaujua hadi vichochoro. Hata hivyo hakuwahi kulisikia bwawa la Ridgewood, ingawa karibu kila wiki hupita chini yake akikimbiza abiria kwenye Jackie Robinson Parkway. Sikumlaumu. Barabara ile inajipindapinda kati ya makaburi na miti, na dereva anayeangaza macho kando pale anajitafutia ajali.

Treni ya J sehemu hii haipiti chini ya ardhi. Inapita juu, kwenye nguzo za chuma, ikitikisa maduka ya Fulton Street kila inapoingia stesheni. Tulivuka Jamaica Avenue, tukaingia bustani ya Highland Park na kuanza kupanda. Watu huidhania Brooklyn kuwa tambarare. Hapa ardhi inainuka ghafla na mtu wa umri wangu lazima aheme. Kilima chenyewe ni mzigo uliotuliwa na barafu. Barafu kuu iliyofunika kaskazini ya Amerika ilifika hapa ikakoma, na ilipoyeyuka, miaka 20,000 hivi iliyopita, ikaacha mawe, changarawe na udongo iliokuwa imeukokota, umelala kwa mstari mrefu kwenye kisiwa cha Long Island. Wahandisi wa karne ya 19 walitaka mahali pa juu pa kuwekea maji, ili yateremke yenyewe hadi majumbani, na ukingo huu ndio waliokuwa nao.

Brooklyn wakati huo ilikuwa mji unaojitegemea. Jirani zao wa Manhattan walikuwa wakinywa maji ya mto Croton tangu 1842, na wao bado walitegemea visima na maji ya mvua. Ujenzi wa Ridgewood ulianza 1856, na mwishoni mwa 1858 maji yakaanza kuingia. Yalikusanywa kwenye vijito vya kusini mwa Long Island, yakaletwa na mfereji wa matofali uliofukiwa ardhini, ukiwa na mteremko mdogo tu wa kuyafanya yasogee, hadi kwenye kituo cha pampu chini ya kilima. Kutoka hapo mitambo ya mvuke iliyasukuma juu kwa mabomba mazito ya chuma.

Njia hiyo ya maji bado unaweza kuifuata kwa majina. Conduit Avenue, barabara ambayo kila anayekwenda uwanja wa ndege wa Kennedy anaifahamu, imelala juu ya njia ya mfereji ule. Mtaa mfupi uitwao Force Tube Avenue umekaa mshazari kati ya mitaa mingine iliyonyooka kwa sababu mabomba ya kupandisha maji yalikatiza hapo. Na Aqueduct, kiwanja cha mbio za farasi kilichofunguliwa 1894, kilipata jina lake kutokana na mfereji uliopita karibu nacho. Mpwa wangu alisimama aliposikia hilo. Amewabeba wacheza kamari wa Aqueduct kwa miaka, wakienda na matumaini na kurudi kimya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba kiwanja kile kinaitwa kwa jina la bomba.

Mahodhi yalikuwa mawili mwanzoni, la tatu likaongezwa mwaka 1891. Halikutosha. Uhaba wa maji ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyoifanya Brooklyn ikubali kumezwa na New York mwaka 1898, uamuzi ambao wazee wa huko wanasemekana kuunung'unikia hadi leo. Maji ya milima ya Catskill yalipofika mjini miaka ya 1910, Ridgewood ikaanza kukosa kazi. Kufikia 1959 lilikuwa bwawa la akiba tu, la kutumiwa ikitokea dharura. Mwaka 1989 likastaafishwa kabisa. Mashine zilikwisha kuzimwa, mageti yakafungwa, na watu wa mamlaka ya maji wakashughulika na mengine.

Hapo ndipo hadithi ninayoipenda inapoanzia, na kwa miaka kumi na tano iliyofuata haina mhusika wala tukio.

Juu ya kilima kuna njia pana ya lami inayoyazunguka mahodhi yote matatu na kupita pia kwenye kuta zinazoyatenga. Unatembea juu ya ukingo hasa, uzio wa chuma ukiwa mkononi mwako, na kando yako ardhi inaporomoka kwa mteremko uliotandazwa mawe. Nilikuwa nimesoma kuhusu mahali hapa kabla ya kuja na bado sikuwa tayari kwa nilichokiona. Ndani ya hodhi la kwanza kuna msitu. Miti ya betula yenye magome meupe, micheri mwitu, na mingine nisiyoijua, imesongamana kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyeipanda. Mbegu zililetwa na upepo na ndege, zikaangukia tope lililobaki baada ya maji kuondoka, zikaota. Hodhi la tatu nalo ni msitu, ila wenye mawaa: hapa miti, pale nyasi, kwingine bwawa dogo la muda ambalo mvua inalijaza na jua linalikausha. La kati limebaki na maji, na matete yamelizunguka.

Siri ya yote haya iko chini. Wajenzi walisakafu mahodhi kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili maji ya kunywa yasipotee ardhini. Udongo ule haujui kwamba kazi imekwisha. Mvua inaponyesha unaikamata na kuizuia, kama ulivyoagizwa katika miaka ya 1850, na ndiyo maana juu ya kilima cha mchanga na changarawe, ambako maji yangepaswa kuzama mara moja, kuna ardhi oevu. Hakuna mto unaoingia. Hakuna mfereji. Kila tone limetoka juu. Jambo hili liweke akilini, nitalirudia.

Jambo la pili nililigundua kwa shingo yangu. Kwa kawaida anayetazama ndege msituni huinua kichwa mpaka ukosi unauma, na anachoona ni matumbo ya ndege tu. Ridgewood wewe umesimama kwenye ukingo na miti imeota shimoni, kwa hiyo vilele vyake viko usawa wa macho yako. Ndege anayedonoa wadudu kwenye tawi la juu kabisa mnatazamana ana kwa ana. Tulikwenda mwezi wa Mei, wakati ndege wadogo wahamaji wanapanda kaskazini kutoka Amerika ya Kati na Karibi kwenda kuzaliana Kanada. Wanasafiri usiku, na kunapopambazuka hutafuta mahali pa kutua kula. Ukiwa angani juu ya Brooklyn na Queens, chini yako ni lami na paa, lami na paa. Kisha unaona kipande cha kijani cha zaidi ya ekari 50, chenye maji katikati na makaburi makubwa yenye miti pembeni. Wanashuka. Aina zaidi ya 150 za ndege zimeorodheshwa hapa.

Tulimkuta mama mmoja mtu mzima, kofia kichwani na darubini shingoni, ameegemea uzio akitazama hodhi la kati. Alituonyesha kwa kidole, bila kutusalimu kwanza, jambo ambalo huko si utovu wa adabu. Kwenye maji kati ya matete alikuwapo kibisi, ndege mnene wa kahawia mwenye mdomo mfupi uliovikwa pete nyeusi. Akazama. Tulingoja. Akaibukia mbali na tulipokuwa tukitazama, wakacheka wote wawili, mama yule na mpwa wangu. Kibisi wa aina hii, akatueleza, yuko kwenye orodha ya jimbo la New York ya ndege walio hatarini, na amewahi kuzaliana humuhumu ndani ya mji.

"Walitaka kuweka viwanja vya mpira," akasema. "Mnajua hilo?"

Tulijua kidogo, naye akatujalizia. Mwaka 2004 mamlaka ya maji ililikabidhi bwawa kwa idara ya bustani ya jiji. Jambo jema, ungedhani. Lakini kukabidhiwa kulileta pesa, na pesa zikaleta mipango. Mwaka 2007, Meya Michael Bloomberg alipotangaza mpango wake mkubwa wa kuiendeleza New York, Highland Park iliwekwa kwenye orodha ya bustani za kukarabatiwa, na mojawapo ya mawazo yaliyokuja mezani lilikuwa kukata miti ya hodhi la tatu na kuweka viwanja vya michezo.

Siwezi kuwacheka waliolitoa wazo hilo. East New York, Cypress Hills na Bushwick zina vijana wengi na nafasi chache, na siku ile tulipita viwanja vya Highland Park tukavikuta vimejaa, wengine wakingoja zamu. Mzazi wa Cypress Hills anayeomba kiwanja hana kosa lolote. Swali ni kwa nini kiwanja hicho kiwe ndani ya hodhi, wakati viwanja vilivyopo vya bustani ileile, hatua chache chini ya kilima, vilikuwa vimechakaa na vingeweza kutengenezwa kwa fedha hizohizo. Jibu nadhani ni kwamba kwenye ramani ya ofisini hodhi la tatu lilionekana tupu. Lina kuta, lina sakafu, halina kitu. Mtu anayepanga mji huona nafasi tupu kama mama wa nyumbani anavyoona sufuria tupu: lazima kitu kiingie.

Wakazi walipinga. Walikuja kwenye mikutano na orodha za ndege na mimea, kwa kuwa waliona wazi kwamba bila orodha hawatasikilizwa. Walimpata William Thompson, mkaguzi mkuu wa fedha wa jiji wakati huo, ambaye alikataa kuidhinisha mkataba wa kubuni mradi. Mei 2008 yeye na Robert F. Kennedy Mdogo waliandika makala katika New York Times wakitetea mahali hapa pabaki pori. Mpango wa viwanja ukafifia. Badala yake njia ya juu ikakarabatiwa, taa na uzio mpya vikawekwa, na mwaka 2013 watu wakapata mahali pa kutembea, kukimbia na kusukuma vigari vya watoto.

Pigo la pili lilitoka pasipotarajiwa: kwenye kanuni za usalama. Kwa sheria za jimbo, kuta hizi zilihesabiwa kuwa bwawa la hatari kubwa, kwa maana zikibomoka likiwa limejaa, maji yataua watu walio chini. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni kwamba halijai. Lakini karatasi ilisema bwawa, na bwawa lina masharti, kwa hiyo katikati ya miaka ya 2010 ukaja mpango wa kutoboa kuta na kuweka kalvati za kupitisha maji ambayo hayapo. Ili mashine zifike kwenye kuta ilibidi ichongwe barabara ndani ya mahodhi, miti ianguke, na kimya kilichowafaa vibisi kwa miaka yote ile kivunjwe. Mpwa wangu, ambaye ana uzoefu wake na kanuni za leseni za teksi, alilielewa hili kuliko yote niliyomweleza siku nzima. "Hapo umesema," akaniambia.

Wakazi wakarudi mikutanoni. Mwishowe wahandisi wa jimbo wakabadili daraja la hatari la bwawa, na haja ya kutoboa ikaisha. Mwaka 2018 Ridgewood likaingizwa katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, na baada ya hapo jimbo likalitambua kuwa ardhi oevu inayolindwa. Kundi liitwalo NYC H2O, ambalo lilikuwa bega kwa bega na wakazi, huleta wanafunzi wa shule kujifunza hapa maji ya mji wao yalikotoka. Tulipishana na darasa moja. Mtoto mmoja alikuwa akimwuliza mwalimu kama kuna mamba. Mwalimu alisema hapana, na uso wa mtoto ukanywea.

Sasa, kuna jambo moja linalonikwaza. Uzio. Umezunguka mahodhi yote, na mwananchi wa kawaida hashuki ndani. Anazunguka tu ukingoni akichungulia. Mpwa wangu aliona ni kero. "Bustani gani hii unaitazama dirishani?" Mimi nimegawanyika. Kwa hodhi la kati naafiki uzio bila kusita: kibisi anayeatamia mayai kwenye kiota kinachoelea hawezi kustahimili mbwa, na mbwa wa New York ni wengi. Lakini hodhi la kwanza ningelifungua sehemu, kwa daraja la mbao lililoinuliwa juu ya mizizi, ili mtoto wa Cypress Hills aweze kusimama chini ya betula na kuangalia juu. Mahali palipotetewa na watu wa mtaa pasipokanyagwa na watu wa mtaa patakuja kukosa watetezi siku mkutano mwingine ukiitishwa.

Na mikono itahitajika humo ndani kwa vyovyote. Ukitazama kwa makini utaona kwamba si kila kijani ni heri. Mmea mtambaazi kutoka Asia ya Mashariki umepanda miti ya ukingoni, ukaizonga na kuinamisha matawi yake. Matete ya hodhi la kati yanasonga ndani mwaka hadi mwaka, na yakiachwa yatayafunika maji yote, kisha kibisi atakosa pa kuzamia. Pori lililozaliwa kwa kusahauliwa halitadumu kwa kusahauliwa. Mama wa darubini alilijua hilo. Alikuwa na mkasi wa kupogolea kwenye mkoba wake na sikumwuliza kama ana ruhusa.

Kabla ya kuteremka tulisimama upande wa kaskazini, ambako barabara ya Jackie Robinson inapita chini, imeingia katikati ya makaburi ya Cypress Hills. Ilibadilishwa jina 1997, miaka 50 baada ya Robinson kuwa Mweusi wa kwanza wa zama hizi kucheza besiboli ya ligi kuu, na yeye mwenyewe amezikwa mumo humo. Siku ikiwa nyeupe unaiona hata bahari upande wa kusini. Siku ile kulikuwa na ukungu mwepesi tu.

Tulikula kwenye mkahawa wa Wadominika, wali na maharage na kuku, chini ya reli. Mpwa wangu alikuwa kimya kwa muda, kisha akauliza nililokuwa nikilingoja tangu asubuhi.

"Na Nairobi Dam, je? Nalo si limeachwa?"

Limeachwa. Lilijengwa 1953, kati ya Lang'ata na Kibera, ekari 88 hivi za maji ya akiba kwa ajili ya mji. Wazee wanakumbuka mashua za matanga zikishindana pale siku za mapumziko. Leo unatazama gugumaji, na kingo zake zimejaa tope kiasi kwamba watu wamelima nduma na sukuma wiki mahali palipokuwa na kina. Ukizihesabu tu tarehe, ni hadithi moja: maji ya mji, kazi ikaisha, watu wakageuza mgongo, majani yakaingia.

Nilimwambia hapana, si hadithi moja, na nikachora kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Ridgewood iko juu ya kilima na inapokea mvua tu. Ukiiacha, kinachoingia ni mvua, mbegu na ndege. Nairobi Dam liko chini, kwenye njia ya mto Motoine, na juu yake wanaishi maelfu kwa maelfu ya watu ambao hawajawahi kuunganishwa na bomba la majitaka. Kila mvua inapokuja, mto unaleta kilichokosa pa kwenda: kinyesi, plastiki, udongo. Gugumaji linanenepa kwa mbolea ile. Tumesafisha, tumepiga picha tukisafisha, likarudi. Hata ukiwatoa wakulima wa nduma, na mimi siungi mkono kuwatoa bila pa kuwapeleka, bwawa litabaki vilevile kwa sababu ugonjwa wake hauko ndani yake.

"Kwa hiyo unaanza na vyoo vya Kibera," akasema.

"Na mabomba. Na mtambo wa kupokea hayo mabomba. Halafu ndiyo uite watu wa ndege."

Aliigeuza ile karatasi, akachora mto mwenyewe, akauliza mtambo ungekaa upande gani. Tukabishana hapo hadi wali ukapoa: mimi nikisema chini ya bwawa, yeye akisema maji lazima yasafishwe kabla hayajaingia, kwa hiyo mtambo uwe juu, la sivyo bomba lizunguke bwawa lote. Alikuwa sahihi kuhusu bomba. Bado sioni litapita ardhi ya nani.